Wiki sita kwenye behewa la wanawake: treni za Mumbai nilivyozipanda

Tangu turudi, kila anayekuja hapa Ngamiani, Tanga, kumjulia hali mama huuliza habari za hospitali. Madaktari wakoje, mlikula nini, mlitumia shilingi ngapi. Mjomba peke yake, kaka yake mama aliyestaafu reli, ndiye alivuta kiti, akanywa chai nusu kikombe, kisha akaniuliza: "Na treni zao je? Za umeme au dizeli?" Nikaanza kumjibu, na magharibi ikatukuta hapo hapo barazani. Haya basi nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa yeyote wa Tanga, Pangani au Lushoto atakayempeleka mgonjwa Mumbai akajikuta anaishi mbali na hospitali kama tulivyoishi sisi.

Mama alikuwa akipigwa mionzi siku tano kwa wiki kwenye hospitali moja maeneo ya Parel. Vyumba vya karibu bei zake hatukuziweza, kwa hiyo tulikaa Mira Road, kaskazini kabisa, kwa bibi mmoja wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Tanga na ambaye Kiswahili chake hadi leo hakijamtoka. Kutoka Mira Road hadi Dadar, tulikokuwa tukishuka, ni kama kilomita 30. Hebu fikiria mgonjwa anayetoka huko karibu na Muheza kila asubuhi kuja mjini, jioni anarudi, na kesho tena. Kwa teksi tungefilisika kabla Ijumaa ya kwanza haijafika. Bibi akatuambia, "Mwanangu, hapa mtu hachukui teksi. Hapa mtu anapanda lokali." Ndilo jina wanaloziita treni zao za mjini: lokali.

Nyota natoa nne kati ya tano. Ile ya tano nitaeleza ilikokwenda.

Jambo lililonishangaza mapema ni kwamba pale stesheni hakuna mtu anayeuliza treni inakuja saa ngapi. Sisi tuliozoea basi la saa kumi na mbili, ukichelewa umekula hasara, tulikuwa tunafika mbio tumetoka jasho. Bibi anatucheka. Nyakati za watu wengi treni hufuatana kwa dakika tatu hadi nne hivi, na kwenye njia yetu peke yake, ile ya magharibi inayoanzia stesheni ya Churchgate, kuna safari zaidi ya 1,300 kwa siku. Ukijumlisha na njia nyingine za mji huo zinapita 3,000, na abiria ni zaidi ya milioni saba kila siku. Zinapumzika kama saa tatu tu, kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi alfajiri. Mara nne nilikosa treni, na mara zote nne sikupata hata muda wa kuudhika.

Nauli ya chini kabisa daraja la pili ni rupia 5, sawa na shilingi zetu 150 hivi. Siku za mwanzo tulipanga foleni dirishani kila asubuhi, kisha bibi akatugombeza na kutupeleka kukata pasi ya mwezi. Bei yake ni nafuu sana kuliko kukata tiketi kila siku, na ukishakuwa nayo unapanda na kushuka utakavyo. Nimesema nauli ni rahisi, na hilo nalirudia kwa sababu mengine yote nitakayoyasema yanaanzia hapo. Daktari anapanda, mfagizi anapanda, muuza samaki anapanda na kapu lake kwenye chumba cha mizigo. Humo humo chumba cha mizigo ndimo wanamopanda wale mabwana wenye kofia nyeupe wanaobeba vyakula vya mchana kutoka majumbani kwenda maofisini, kila chombo kimepakwa alama za rangi na herufi, kazi iliyoanza tangu 1890. Siku moja tulisimama jukwaani tukawatazama wakishusha vyombo Dadar. Nilijaribu kufuata chombo kimoja kwa macho nikakipoteza.

Sasa behewa la wanawake. Kila treni ina vyumba vya wanawake watupu, ubavuni pamechorwa picha ya mwanamke, na jukwaani pana alama zinazoonyesha vitasimama wapi. Usikae mahali pengine ukasema utakimbilia. Treni ina mabehewa 12, nyingine 15, na inasimama sekunde ishirini au thelathini tu. Tanga tunasema waja leo waondoka leo; kule ni waja sasa hivi waondoka sasa hivi.

Ndani kuna sheria ambazo hazikuandikwa popote. Kiti ni cha watu watatu, lakini wanakaa wanne, yule wa nne anaweka paja moja tu na hakuna anayenung'unika. Ukiingia ukakuta viti vimejaa, unapita kwa mmoja mmoja aliyekaa ukimwuliza anashuka wapi. Akisema Andheri, kiti chake ni chako kuanzia Andheri, na mwingine akija baadaye ataambiwa kimeshachukuliwa. Mimi sikulijua hilo. Siku ya pili kiti kikaachwa wazi mbele yangu, nikakikalia kwa furaha zote, na mama mmoja mwenye miwani akaja juu kama nimemwibia pochi. Nilinyanyuka. Baadaye alipomwona mama yangu amevaa kitambaa cha kichwa cha wagonjwa, akaondoka yeye mwenyewe kwenye kiti hicho hicho na kumkalisha, bila kunitazama mimi. Ugomvi wa mle ndani ni wa namna hiyo, unawaka na kuzimika kabla ya stesheni mbili.

Jioni moja, tukirudi, mwanamke aliyekaa mbele yangu alifungua mfuko wa njegere zenye maganda. Amemaliza kazi ofisini, anafika nyumbani saa mbili, wanaye watataka kula. Alimenya moja moja huku akiongea na jirani yake, maganda kwenye mfuko mmoja, njegere kwenye mwingine, treni inayumba na hakuna hata moja iliyoanguka. Aliponiona namtazama mikono yake, akanimwagia lundo mapajani. Hakuuliza. Nikamenya kutoka Dadar hadi Borivali. Alipotaka kushuka akakusanya zake, akaniachia konzi moja, akasema neno ambalo sikulielewa. Njegere zile tulizila usiku ule na wali.

Mama alikuwa anajifunga leso zake za huku, yaani kanga, na zilituletea marafiki wengi kuliko Kiingereza changu. Ipo moja yenye maneno "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Msichana mmoja wa chuo akauliza imeandikwa nini. Nikamfasiria, naye akawatangazia wenzake kwa Kihindi, behewa zima likacheka, kwa sababu mgeni mwenyewe wakati huo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kiti hana.

Na kuna lugha. Matangazo ya stesheni inayofuata hutolewa kwa Kimarathi, Kihindi na Kiingereza, na jukwaani neno linalosikika kila mara ni "gaadi". Siku ya tatu mama akaniguza bega. "Wanasema gari?" Ndiyo, wanasema gari, maana neno hili tumelipata kwao. Tangu hapo akawa anasikiliza kama anayevua samaki: duka, chai, dawa, dunia, wakati. Yalimpitishia safari siku zile ambazo hakuwa na nguvu ya kuongea.

Mjomba hapa ndipo aliponikatiza. Njegere na leso hakuvitaka, alitaka reli.

Yeye ya kwetu anayajua kwa kichwa. Wajerumani walianza kutandika hapa Tanga 1893, wakafika Muheza 1896, kilomita 40, kampuni ikaishiwa fedha na serikali yao ikaichukua reli 1899. Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, jumla kilomita 352 juu ya reli ya upana wa mita moja. Nikamwambia ya Mumbai niliyosimuliwa na mwenyeji wetu, ambaye marehemu mumewe naye alikuwa mtu wa reli: treni ya kwanza ya abiria India iliondoka 16 Aprili 1853, mabehewa 14 yakivutwa na vichwa vitatu, Sahib, Sindh na Sultan, kwa mizinga 21. Ilitoka Bori Bunder hadi Thane, kilomita 34. Bunder hiyo ndiyo bandari hii hii tunayoisema sisi.

"Wao 34, sisi 40," akasema mjomba. "Mwanzo hawakutushinda."

Njia yetu nayo, ile inayopita Mira Road kwenda Virar huko kaskazini zaidi, mwaka 1867 ilikuwa na treni moja tu kwa siku ya kwenda mjini na kurudi. Moja. Wakubwa wa pamba walikuwa wanataka kufika bandarini, na kijiji cha Virar kilikuwa kijiji. Halafu viwanda vikaja, wafanyakazi wakajaa, mji wenyewe ni kipande chembamba cha nchi kilichozungukwa na bahari, hauna pa kupanukia ila kaskazini, na kaskazini ndiko reli ilikokwenda. Kila treni iliyoongezwa ilivuta nyumba, na kila nyumba ikadai treni. Treni ya kwanza ya umeme ilikwenda 3 Februari 1925, kutoka Victoria Terminus hadi Kurla. Waya wa umeme ukafika Virar 1936. Mjomba alinitazama kwa muda. Reli yetu ya Tanga ilipoanza, akasema, mazao ndiyo yaliyokuwa abiria wake wakubwa: katani, kahawa. Katani ilipoporomoka, reli nayo ikakohoa, na kufikia miaka ya tisini treni ya abiria ya Tanga ikawa hadithi ya kuwasimulia watoto. Hilo ni lake yeye, sikumpinga.

Alilolipenda ni ufundi. Treni hizi hazina kichwa cha kuvuta. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa yenyewe, na kila mwisho wa treni kuna chumba cha dereva, kwa hiyo ikifika Churchgate haizungushwi wala haibadilishi kichwa. Dereva anahamia upande wa pili, dakika chache, inageuka kwenda ilikotoka. Bila hilo zile dakika tatu zisingewezekana. Reli zenyewe ni pana, milimita 1,676, na behewa lina upana wa mita 3.66. Hapo mjomba akaguna na kupima sebule kwa macho. Umeme wa zamani ulikuwa volti 1,500. Kwenye njia yetu walimaliza kuhamia volti 25,000 mwaka 2012, ndiyo maana treni ndefu na nzito zinaweza kuondoka kwa kasi, na zile mpya zikifunga breki hurudisha umeme kwenye waya. Halafu reli ziko nne sambamba: mbili za treni za kila stesheni, mbili za zile za haraka zinazoruka vituo.

Kuruka vituo huko ndiko kulikonitia adabu. Ubaoni huandikwa herufi moja: S ni ya polepole, F ni ya haraka. Jioni moja, mama akiwa amepumzishwa nyumbani na mimi natoka kuchukua majibu yake, nikadandia ya haraka ya Virar pale Dadar. Sikujua kwamba wanawake wa Virar wana neno na sisi wa vituo vya katikati. Wao wanasafiri saa nzima na zaidi, sisi tunaingia tu kuwabana njiani wakati tungeweza kupanda treni zinazoishia karibu. Kushuka kwenye lokali kunaanza stesheni moja kabla. Unanyanyuka mapema, unamwuliza aliye mbele yako kama naye anashuka, kama hashuki mnabadilishana nafasi, hivyo hivyo hadi mlangoni. Mimi nilinyanyuka treni inaingia Mira Road. Hakuna aliyenizuia, ila hakuna aliyesogea pia, na wanaopanda walikuwa wameshaanza kupanda. Nikapelekwa hadi Bhayandar, stesheni inayofuata, kandambili moja mguuni. Nyingine sijui ilibaki kwa nani. Kosa langu, na sikulirudia.

Kosa la pili lilinigharimu fedha. Daraja la kwanza la wanawake ni chumba kilichopakana na chetu, viti vyake vina godoro, na kwa mgeni mwenye haraka milango inafanana. Nikaingiza mama, tukakaa, nikashukuru Mungu kwa nafasi. Mkaguzi, dada mmoja aliyevaa vizuri sana, akaomba tiketi. Faini ni rupia 250 pamoja na nauli ya daraja lile, kwa kila kichwa. Alinionyesha mistari iliyopakwa ubavuni mwa behewa inayotambulisha daraja la kwanza. Tangu siku ile naangalia mistari kwanza ndipo naangalia mlango. Nikaambiwa pia jambo ambalo ningelijua mapema: kipo chumba cha watu wenye ulemavu, na wagonjwa wa kansa nao huruhusiwa humo. Siku ambazo mama alilegea tulipanda hicho, akalala kidogo. Mwenye mgonjwa aulize hilo siku ya kwanza.

Sasa nyota niliyoibakiza.

Milango ya treni za kawaida haifungwi. Inabaki wazi mwendo wote, na asubuhi utawaona wanaume wamening'inia nje, kidole kimoja ndani, mguu mmoja hewani. Wataalamu wa kule wana jina la msongamano ule, na hesabu yake ni watu 14 hadi 16 wamesimama kwenye mita moja ya mraba. Mita moja ya mraba ni mkeka wa kuswalia mtu mmoja na kidogo pembeni. Kila mwaka watu zaidi ya 2,000 hufa kwenye reli za mji ule, wengine kwa kudondoka, wengi kwa kukatiza reli kwa miguu. Mwaka 2017 watu zaidi ya 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye daraja la waenda kwa miguu la stesheni ya Elphinstone Road, iliyo jirani kabisa na kule tulikokuwa tunashuka; siku hizi inaitwa Prabhadevi. Na tarehe 11 Julai 2006 mabomu saba yalilipuka kwenye treni za njia yetu hii ndani ya dakika chache jioni. Bibi mwenyeji alikuwa na jirani mle. Alinisimulia mara moja tu, akinikunia nazi, hakurudia.

Nilimwuliza kama kesho yake watu walipanda. "Wapande nini kingine?" akasema.

Hilo ndilo linaloninyima raha nikitaka kuzisifu. Watu wanasema kule watu ni majasiri. Mimi niliona watu wasio na njia nyingine. Zipo treni za viyoyozi, zilianza Krismasi ya 2017, milango inajifunga yenyewe na hakuna anayening'inia. Tulipanda mara mbili, tukasikia baridi, mama akafurahi. Nauli yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida, na nyakati tulizosafiri sisi zilikuwa chache. Wenye njegere hawakuwemo.

Kwa atakayekwenda, nitasema machache. Mgonjwa msimpandishe kabla ya saa tano asubuhi akielekea mjini, wala baada ya saa kumi na moja jioni akirudi. Ombeni hospitali iwape zamu ya mchana, tuliomba tukapewa. Kuanzia Juni hadi Septemba ni mvua zao, na maji yakifunika reli treni zinasimama. 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja na mji mzima ukalala njiani. Begi livaeni kifuani. Viatu viwe vya kufunga. Usiku vyumba vya wanawake huwa na askari, hapo sikuogopa hata mara moja. Na chukueni leso.

Mjomba aliniuliza swali la mwisho, kama huku Tanga yangefaa. Siku hizi treni ya Dar kwenda Arusha imerudi, inapita Korogwe, na mtu wa Tanga mjini inabidi apande basi kuifuata. Nikamwambia mimi nisingetaka hizo 3,000, ningetaka ile moja ya 1867, ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, Muheza hadi hapa. Akasema reli bado ipo, ameiona juzi, majani tu.

Jumamosi nilimpeleka mama Raskazone akapunge upepo. Kwenye kurudi daladala lilikuwa na abiria sita, viti vitupu kila upande. Vituo viwili kabla ya chetu nikamwona ameshika fundo la leso, amenyanyuka, anamwinamia kijana aliyekaa karibu na mlango.

"Mwanangu, unashuka wapi?"

Kijana akamtazama konda, konda akanitazama mimi.